Siku Mwekezaji Alipotukuta Shimoni

Alhamisi. Leo nimeumbuka. Vilivyopotea: kiatu changu cha kulia, heshima ya mtaa mzima, na mashine ya kukamua alizeti ambayo hata hatujaiona. (Kiatu ndicho pekee ninachojua kilipo.)

Wenzangu wa Nakapanya, mlisema niwaandikie habari za huku kabla sijaamua kuja kwenu. Basi habari ndiyo hii. Naandika matope hayajakauka masikioni. Someni mkiwa mmekaa, na asiwepo mtu wa Msamala karibu, wale majirani zetu wa kutucheka.

Tulipopunguzwa kazi ghalani, ninyi mlikwenda huko Nakapanya kufanya biashara, mimi nikabaki kwa sababu mke wangu, Mama Agatha, alikuwa mgonjwa. Sasa Mama Agatha amelala kule makaburini juu ya bonde, na mimi nyumba imenishinda. Sikai. Nikikaa nasimama. Nikisimama natafuta pa kwenda, nikifika nimesahau nilichofuata. Juzi nilifagia uwanja wangu mpaka vumbi likaisha, nikahamia uwanja wa jirani. Jirani akatoka akaniangalia, akarudi ndani, akaniletea chai.

Ndiyo maana mtaa ulinipa kazi ya rimu.

Niwaeleze, maana mlipoondoka huku kwetu mwisho wa mji kulikuwa mahindi. Sehemu kubwa ya mahindi imekatwa viwanja. Viwanja vimekuwa mashimo ya kutolea udongo wa tofali. Kati ya mashimo kuna nyumba ambazo hazijapigwa madirisha na tayari zina watu ndani: mwalimu kutoka Moshi, karani kutoka Mtwara, muuza mitumba ambaye kila akiulizwa kwao anataja mkoa mwingine. Watu wamefika kabla ya maji, kabla ya umeme, kabla ya barabara. Kitu pekee kilichowahi kutufuata ni kodi.

Kodi ya maendeleo inakuja na Land Rover ya kijani ya halmashauri, mgambo wamejaa nyuma. Haipigi hodi. Asiye na risiti anapandishwa. Mama mwenye biashara anaulizwa leseni. Kwa hiyo pale kona tumetundika rimu ya lori kwenye nguzo, na pembeni kuna kipande cha nondo. Anayeona gari la kijani anaigonga. Rimu ikilia, mtaa unakwisha! Wanaume wanaingia mahindini, Mama Komba anafunika pipa la pombe ya komoni kwa mashuka na kujifanya anafua, na kimya kinatanda kama Ijumaa Kuu.

Kazi hiyo nilipewa mimi kwa sababu mimi nimelipa. Mama Agatha hakuwahi kukubali nichelewe. Alikuwa akisema mtu anayekimbizwa huzeeka uso kwanza. Risiti yangu iko mfuko wa shati, ndani ya nailoni, nyuma ya kitambaa cheusi cha msiba. Asiye na sababu ya kukimbia ndiye anayeweza kukaa kona bila jasho. Nikakaa.

(Najua mtakachosema. Nalipa mwenyewe, halafu nawasaidia wasiolipa. Jambo hilo lilinisumbua, nikamuuliza katekista. Akasema atalifikiria. Wiki iliyofuata niligonga rimu, nikamwona katekista naye anaingia mahindini.)

Sasa tumfikie mwekezaji.

Neno hilo lilifika mtaani kabla ya mtu mwenyewe. Siku hizi kila kitu ni mtu binafsi, na kila mtaa unatafuta wa kwake. Wetu alikuwa Mzee Sanga, mfanyabiashara kutoka Makambako, mwenye mashine ya kukamua alizeti na anayetafuta pa kuiweka. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mapunda, alimfuata mpaka gesti aliyofikia safari iliyopita, akamsifia mtaa wetu mpaka yule mzee akakubali kuja kuangalia. Mashine ikija, umeme utakuja nyuma yake. Wamama hawatabeba alizeti kichwani mpaka ng'ambo ya mji. Na mimi je? Mwenyekiti aliniambia kwa mdomo wake:

"Baba Agatha, wewe ni mtu mkweli. Nimekuombea ulinzi pale kiwandani. Mgeni akiridhika na mtaa, kazi unayo."

Hiyo ndiyo iliyokuwa imenishika roho. Nikipata kazi, nabaki karibu na lile kaburi. Nikikosa, nakuja kwenu Nakapanya kulala kwenye chumba cha magunia. Msikasirike. Nawapenda, ila lile kaburi bado udongo wake haujashika, mvua ikinyesha naenda kuusawazisha.

Leo asubuhi tulijipanga. Kikundi cha ngoma ya lizombe kilikuwa tayari pale uwanjani, ngoma zimeshaota moto. Mama Komba aliosha pipa, akasema leo ni togwa tu, kwa heshima. Mwenyekiti alivaa kaunda suti ya kijivu ambayo mara ya mwisho tuliiona siku ya uchaguzi. Akawa anatembea huku na huku akikariri hotuba:

"Mheshimiwa mwekezaji! Umefika katika mtaa wa watu watulivu, walipa kodi hodari..."

"Walipa nini?" akauliza Mama Komba.

"Nyamaza, mama, hiyo ni hotuba."

Mimi nikapewa kitenge cha njano. Maelekezo yalikuwa mepesi, mtoto angeyaweza. Mgeni anakuja na pikapu nyeupe. Nikiiona, nipunge kitenge. Nikipunga, lizombe inaanza, wamama wanapiga vigelegele, Mwenyekiti anatoka mbele. Basi.

"Utaweza?" Mwenyekiti akaniuliza.

"Nitaweza."

"Kitenge, eh? Kitenge."

"Kitenge."

Nikaenda kona. Nikasubiri.

Kusubiri ndiko nisikokuweza siku hizi. Saa waliyosema ikapita. Nikakaa juu ya tofali. Nikasimama. Nikakunja kitenge, nikakikunjua. Nikahesabu nguzo za umeme ambazo hazipo. Nikaanza kufikiria kwamba Mama Agatha angekuwepo angekuwa ameshaniletea kiazi, na angekuwa ameshauliza mara ngapi huyo mgeni wenu ana mke au hana. Nikasimama tena. Huku nyuma ngoma zimepoa, zinarudishwa motoni. Mtu akapiga kelele:

"Mlongo, ndugu yangu! Unaona kitu?"

"Sioni!"

"Angalia vizuri!"

Jamani, nilikuwa naangalia vizuri. Tatizo lilianzia hapo.

Vumbi likatokea kule chini. Nikainua kitenge. Vumbi likasogea. Ndani ya vumbi kikatokea kitu. Hakikuwa cheupe.

Kilikuwa cha kijani.

Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba pikapu ya Mzee Sanga iliungua klachi kwenye mlima wa Lukumburu, akadandia lori mpaka mjini, na halmashauri, kwa ukarimu wao, ikamwazima gari. Gari gani? Hilo hilo. Lakini mimi pale kona hayo ningeyajulia wapi? Nimeona kijani. Mkono haukuniuliza. Kitenge kikaanguka chini, nondo ikaruka mkononi, nikaigonga ile rimu kama mtu anayefukuza nyoka!

Ngo! Ngo! Ngo! Ngo!

Nyuma yangu nikasikia ngoma moja ikipiga mara moja, kwa makosa. Halafu nikasikia miguu.

Wenzangu, mmeshaona kuku wakiona kivuli cha mwewe? Kikundi cha lizombe kiliondoka na manyanga yao miguuni, yanalia cha-cha-cha mpaka mahindini. Mwalimu wa Moshi aliruka dirisha, na mlango ulikuwa wazi. Mama Komba alifunika togwa, akaanza kufua, halafu akakumbuka togwa haihitaji leseni, halafu akaona kila mtu anakimbia, naye akakimbia na sabuni mkononi. 

Na mimi?

Mimi huwa nabaki. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Gari likifika linanikuta nimekaa, natoa risiti, mgambo wanainusa, wananiuliza wengine wako wapi, nasema wamekimbia, wanaondoka wamenuna. Ndivyo inavyokuwa siku zote.

Leo nilikimbia.

Sijui kwa nini. Nilitupa nondo nikakimbia kama mwizi wa kuku. Niliwapita vijana. Nilimpita katekista! Hewa inaingia kifuani, shati limejaa upepo, na nisiwafiche, kwa muda kidogo nilijisikia vizuri. Ndipo ardhi ikaisha.

Mnajua mashimo ya tofali yalivyo baada ya mvua. Hili lilikuwa la yule karani wa Mtwara, refu kuliko mtu, chini limejaa uji wa udongo mwekundu. Nilitua kwa makalio. Sauti iliyotoka siwezi kuiandika. Nikafuta macho. Mbele yangu, kwenye kona ya shimo, kulikuwa na kitu cha kijivu kimechuchumaa.

Kilikuwa kaunda suti.

"Mwenyekiti?"

"Shhh!"

"Mwenyekiti, wewe umekimbia nini?"

"Punguza sauti, Baba Agatha! Kwa kawaida wananiambia siku ya kuja. Leo hawakuniambia. Maana yake nini? Wamenijia mimi!"

"Kwani hujalipa?"

Akaniangalia kama nimemtukania mama yake.

"Nani analipa?" akasema.

Juu tukasikia mlango wa gari ukifungwa. Mmoja tu. Kisha wa pili. Mgambo hawafungi milango, wanaruka. Nikaanza kupata wasiwasi wa aina nyingine. Hatua zikasogea, polepole, za watu wasiomkimbiza mtu. Kisha vichwa viwili vikachungulia. Kimoja kilikuwa cha afisa biashara wa halmashauri, kijana mwenye tai. Kingine cha mzee mnene mwenye kofia na mkongojo.

Tukatazamana. Wao juu, sisi chini.

Nikasema kitu pekee nilichofundishwa kusema mbele ya mkubwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu Mzee Sanga. (Mtu mwenye adabu. Si wote wangeitikia.)

Afisa alikuwa anamkodolea macho Mwenyekiti.

"Mwenyekiti Mapunda? Unafanya nini humo?"

Mwenyekiti akasimama. Matope yakamtiririka kwenye mifuko yote minne. Akachukua udongo kiganjani, akauminya, akauangalia kwa kichwa kilichoinamia upande mmoja.

"Nakagua udongo," akasema. "Karibu sana, mheshimiwa. Udongo mzuri huu. Unabeba kiwanda."

Hata mimi nilikaribia kumwamini. Mzee Sanga akanigeukia.

"Na wewe unakagua?"

Hapo ndipo Mwenyekiti alipokanyaga mguu wangu wa kulia, chini ya matope, kwa uzito wake wote. Nilielewa anachotaka. Lakini mdomo wangu mnaujua, hata kule ghalani ulishatuponza.

"Hapana, mzee. Mimi nimekimbia kodi."

"Hujalipa?"

"Nimelipa." Nikachomoa risiti, nikaifungua nailoni, nikaiinua juu. Afisa akainama, akaisoma. Akatikisa kichwa kwamba ni halali.

"Sasa kama umelipa, ulikuwa unakimbia nini?"

Jamani. Swali jepesi hivyo. Mzee alikuwa anasubiri jibu, mkongojo umesimama, wala hanicheki. Akaangalia kile kitambaa cheusi kwenye mfuko wangu.

"Sijui, mzee," nikasema. "Tangu nizike, miguu yangu ilikuwa inatafuta sababu tu."

Mzee alivua kofia, akaivaa tena.

Laiti mambo yangeishia hapo! Lakini afisa alikuwa amepata harufu.

"Nani aligonga kile chuma?"

"Mimi."

Mwenyekiti akakanyaga zaidi.

"Mnagonga kila gari likija?"

"Likiwa la kijani, ndiyo."

"Ndiyo maana hatumkuti mtu mtaa huu!"

"Mnanikuta mimi," nikasema.

Wakatuvuta kwa kamba ya kukokotea gari. Mimi nilitoka. Kiatu hakikutoka, kwa sababu Mwenyekiti alikuwa bado amekikanyaga. Nikaenda na mguu mmoja peku nyuma ya Mzee Sanga, aliyetaka kuuona mtaa. Akauona. Moto unawaka, hakuna mtu. Ngoma imelala ubavu. Togwa imefunikwa shuka. Milango iko wazi, redio inaimba peke yake ndani ya nyumba ya muuza mitumba. Mwenyekiti alijaribu.

"Kama unavyoona, mheshimiwa, ni mtaa wa watu watulivu."

Mzee Sanga akacheka mpaka akaegemea mkongojo. Kisha akafuta macho, akasema bila hasira:

"Mwenyekiti, mashine yangu inataka watu wa kupanga foleni. Watu wako hawajui foleni, wanajua mbio. Kesho nitakwenda kuangalia kule Msamala."

Msamala! Mnajua walivyo watu wa Msamala. Watatuuliza kila Jumapili kama alizeti yetu imefika salama. Mwenyekiti akakaa chini, palepale, juu ya ngoma. Na mimi nikaanza kupanga kichwani nguo nitakazobeba kuja Nakapanya. Hazikuwa nyingi.

Mzee akafika kwenye gari, akafungua mlango, akageuka.

"Wewe wa rimu. Nimeambiwa ulikuwa unataka ulinzi."

"Ndiyo, mzee. Lakini nimeelewa."

"Umeelewa nini? Kule Makambako nina walinzi. Mmoja ameibiwa koti akiwa amelivaa. Wewe umegonga chuma, na mtaa mzima umepotea kabla sijashuka. Halafu ukiulizwa unasema kweli hata ukikanyagwa." (Kumbe aliona!) "Kiwanda kikiwa Msamala, utakuja?"

Niliangalia kule bondeni. Kutoka Msamala mpaka makaburini mtu anatembea, anafika.

"Nitakuja," nikasema.

Gari likaondoka. Ndipo nikakumbuka kwamba kuna watu mahindini.

Walirudi mmoja mmoja, wana majani ya mahindi nyweleni. Mama Komba alitangulia, sabuni bado mkononi.

"Wamemchukua nani?"

"Hawajamchukua mtu. Alikuwa mwekezaji."

Sabuni ikamponyoka.

"Na mashine?"

"Inakwenda Msamala."

Kelele ziliinuka! Mwalimu akashika kichwa. Katekista akasema maneno ambayo sikuyatarajia kwake. Ningenyamaza hapo, ningekuwa salama. Lakini wangeniona naenda kazini, wangejua, na ingekuwa uongo wa kila siku. Nikainua mkono.

"Kuna jingine. Kazi ya ulinzi nimepata. Hukohuko Msamala."

"Ngoja," akasema Mama Komba, akinisogelea taratibu. "Wewe umegonga. Wewe umetukosesha mashine. Na wewe ndiye umepata kazi?"

"Ndiyo."

"Na huoni aibu?"

"Naona."

Mwenyekiti aliona nafasi yake. Akasimama mbele, matope yameanza kukauka na kupasuka kwenye ile suti.

"Ndugu wananchi! Mtu huyu ametuangusha! Pale mimi nilipokuwa nakagua udongo..."

"Ulikagulia wapi?" akauliza Mama Komba.

"Shimoni."

"Uliingia humo kabla ya gari kufika au baada ya rimu kulia?"

Mwenyekiti akafikiri. Akafikiri muda mrefu mno. Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akabana pua, na mtaa mzima ukapasuka. Walicheka wakakaa chini. Muuza mitumba alilala kifudifudi. Na mimi, wenzangu, kicheko kikanitoka, kibaya, cha kukwaruza, kama mlango uliofungwa tangu masika. Mama Agatha angekuwepo angecheka mpaka ashike nguzo ya nyumba. Nilimkumbuka hapo, na kicheko hakikukatika.

"Basi usikatae hiyo kazi," Mama Komba akasema, anafuta macho kwa ile mikono ya sabuni na kulia upya. "Angalau tuwe na mtu wetu mlangoni wa kutuambia foleni fupi iko saa ngapi."

Kwa hiyo Nakapanya siji. Msininunulie godoro. Na nawaombeni, kwa yote tuliyobeba pamoja, msicheke.

Nimekaa mlangoni naandika, jua linazama. Uwanjani watoto wamebuni mchezo. Mmoja anagonga sufuria, wote wanakimbia, wanadumbukia kwenye shimo dogo walilochimba. Wamegombania nani awe Mwenyekiti. Wamegombania nani awe Mzee Sanga, mpaka wamevunja fimbo. Wakauliza nani atakuwa Baba Agatha. Hakuna aliyetaka.

Nafasi yangu wamempa mbuzi.